Swali Lina Anwani

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha ndani cha vijana hapa Makambako, Septemba 2024. Wenzangu wameniomba niyaandike kwa ajili ya makamanda wa Njombe mjini, Ludewa, Makete, Wanging'ombe na walioko vyuoni ambao hawakufika. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu "yaani" kama arobaini hivi.

Nguvu ya umma! (Nguvu ya umma!)

Viongozi wa jimbo, asanteni kwa kunipa nafasi. Mmesema nizungumze kama mwanasheria. Naomba nirekebishe: mimi bado ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, mkopo wa bodi haujatosha, na hata nikimaliza bado kuna Shule ya Sheria. Kwa hiyo nikikosea msinipeleke mahakamani. (Kicheko)

Mada niliyopewa ni "Upinzani na kuihoji serikali ya mtaa." Nianze na hadithi, maana vifungu vikianza asubuhi hii na baridi hii mtalala wote.

Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha pili. Siku moja mama alikuwa na shida yake kwenye ofisi za halmashauri, halmashauri gani sisemi, mkoa wetu zipo sita. Tukaambiwa wakubwa wote wako ukumbini, kuna baraza la madiwani. Tukaingia tukakaa nyuma. Sikujua kwamba mwananchi anaruhusiwa kukaa kwenye kikao cha baraza akasikiliza. Mama naye hakujua. Tuliingia kwa sababu nje kulikuwa na baridi. (Kicheko)

Mle ndani akasimama diwani mmoja wa upinzani, mtu mzima, koti limepauka mabegani. Akauliza hivi: kwenye kata yangu daraja limekatika tangu masika, watoto wanavuka kwa gogo kwenda shule, je, litajengwa lini? Akajibiwa kwa heshima kabisa kwamba barabara za wilaya sasa zimehamia TARURA, hivyo suala hilo litafikishwa kwa wahusika. Akaomba swali la nyongeza: hao wahusika wamo humu ukumbini? Kimya. Akakaa. Kikao kikaendelea na ajenda nyingine.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilimwona yule baba ameshindwa. Miaka mingi baadaye nilikutana naye, sasa si diwani tena, analima parachichi zake. Nikamkumbusha siku ile. Akacheka, akaniambia: "Binti, swali langu lilikuwa zuri, ila lilikosa anwani. Barua isiyo na anwani haifiki hata ukiiandika kwa damu."

Leo nataka tuzungumze kuhusu hiyo anwani.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 145, inasema kutakuwa na vyombo vya serikali za mitaa katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji. Ibara ya 146 inasema madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa wananchi, jamani, siyo kwa mkurugenzi wala kwa mkuu wa wilaya. Tena nchi hii ina historia ya jambo hili. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, watumishi wa serikali kuu wakashika kila kitu mikoani. Miaka kumi baadaye serikali yenyewe ikaona imekosea, Bunge likatunga sheria za 1982 kuzirudisha, na mwaka 1984 zikaanza kazi tena. Sheria hizo ndizo tunazo mpaka leo: Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya, Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, na Sura ya 290 kwa fedha zao. Makambako hapa ni mji, kwa hiyo kitabu chetu ni 288. Ukitoka nje ya mji ukaingia vijijini kwa wenzetu wa halmashauri za wilaya, kitabu kinakuwa 287.

Sasa angalieni kilichotokea miaka ya karibuni. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitolewa halmashauri ukapelekwa TRA, na tangu 2021 mnailipa kwenye LUKU, inakatwa mkinunua umeme. Mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zikaenda TARURA. Mwaka 2019 ikatungwa sheria mpya ya maji, maji ya vijijini yakaenda RUWASA. Serikali ilikuwa na sababu zake na tusizidharau. Walisema fedha za barabara zilikuwa zinagawanywa kisiasa, kila diwani anavutia kwake, mwisho hakuna barabara inayokamilika. Walisema miradi ya maji ilikuwa inajengwa inakufa. Mimi sisemi yote ni uongo, hata wazee humu ndani wanakumbuka mabomba yaliyotoa maji siku ya uzinduzi tu. (Kicheko, makofi)

Lakini jiulize. Wewe unamchagua nani? Unamchagua mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, diwani na mbunge. Meneja wa wakala humchagui, na humtoi. Yule unayeweza kumtoa kwa kura amebaki na zahanati, shule, masoko na ushuru. Yule mwenye barabara na maji yako huwezi kumgusa kwa kura yako. Mtu akisema madaraka yamepelekwa kwa wananchi, mwambie: sawa, mengine yamepelekwa, mengine yamepita dirishani yakarudi.

Kwa hiyo kijana wa upinzani ukitaka kuhoji, kwanza ujue nani ana nini. Chukueni kalamu.

Shimo kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya au Songea, huyo ni TANROADS. Shimo kwenye barabara ya mtaani kwako, TARURA. Bomba halitoi maji kijijini, RUWASA na chombo cha watumiaji maji cha hapo kijijini. Bomba halitoi maji mjini, mamlaka ya maji ya mji. Darasa halina madawati, zahanati haina muuguzi, soko halina choo: halmashauri. Dawa hakuna: hapo kuna maswali mawili. La kwanza kwa halmashauri, je, mliagiza? La pili kwa MSD, je, mlileta? Ukiuliza moja tu, kila mmoja atakunyooshea kidole kwa mwenzake na wewe utabaki katikati unageuza shingo kama feni. (Kicheko)

Sisi upinzani tuna tabia, na naomba mnisamehe. Tukipanda jukwaani tunasema "serikali ya CCM imeshindwa," watu wanapiga makofi, tunashuka. Daraja liko vilevile. Mtu aliyepaswa kujibu hakuwepo, na hakuna aliyemwandikia. Anayenufaika na swali lisilo na anwani ni yule asiyetaka kujibu.

Nisiwe najifanya najua. Nami nilifanya kosa hilohilo, tena kubwa kuliko lenu.

Kijijini kwetu kuna boma la zahanati. Kijiji sikitaji, ila mnaotoka vijijini mnalijua, maana kila mmoja anayo la kwao. Wananchi tulichanga. Nyumba isiyo na hela ilitoa nguvukazi, wamama walisomba maji na mchanga kichwani, bibi yangu alitoa jogoo akauzwa. Kuta zilifika usawa wa kupaulia tukaambiwa sasa hapa serikali itamalizia. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Leo niko chuo kikuu na mle ndani umeota mti. Siyo mche, ni mti kabisa, watoto wanapanda.

Serikali yenyewe ilikuwa na mpango, MMAM, wa mwaka 2007 hadi 2017. Ulisema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kwa hiyo wananchi wale hawakujenga kwa wazimu. Walijenga kwa kuamini.

Shangazi yangu alishikwa uchungu usiku wa mvua. Kutoka kwetu hadi zahanati iliyo karibu ni mwendo. Alijifungulia njiani, kwenye bodaboda, chini ya mti wa msindano, dereva wa watu ameshika tochi ya simu huku amegeuza uso. Mtoto yupo, mzima, ana miaka mitatu, kijiji kizima kinamwita Boxer. (Kicheko) Ndiyo, tunacheka, hata shangazi anacheka siku hizi. Lakini damu iliyomtoka usiku ule tuliiona asubuhi kwenye koti la dereva. Tungeweza kuwa tunasimulia kitu kingine hapa. (Kimya)

Nikaenda chuo, nikasoma Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016. Nikakuta kwamba raia anaweza kuomba taarifa kwa maandishi kwenye ofisi ya umma, na ofisi ina siku zisizozidi 30 kumjibu. Nikasema haya, sasa wamekwisha! Nikaandika barua kwa halmashauri inayohusika. Kurasa tano! Nilinukuu Katiba, nilinukuu haki za binadamu, nilinukuu kesi za India. Niliwaita wasaliti wa wakulima. Nilimaliza na herufi kubwa. Sikujibiwa.

Sasa baba yangu mdogo ni mtendaji wa kijiji hicho. Mnanielewa? Mdogo wake marehemu baba, aliyenilipia ada kidato cha tano. Likizo nikampelekea nakala ya barua, kwa kujigamba kidogo. Akavaa miwani akasoma kurasa zote tano, taratibu, akanirudishia. Akasema: "Mwanangu, umeandika hasira. Swali liko wapi?"

Nilitafuta swali kwenye barua yangu mwenyewe. Halikuwepo. (Kicheko)

Nikaandika upya, nusu ukurasa. Moja, boma la zahanati la kijiji hiki lipo kwenye orodha ya maboma ya halmashauri? Mbili, tangu lifike usawa wa kupaulia, limewahi kutengewa fedha kwenye bajeti ya mwaka upi, na kiasi gani? Tatu, kama halijatengewa, kwa sababu gani? Nikaandika jina, anwani, namba ya simu. Nikaipeleka mwenyewe masjala na nakala yangu igongwe muhuri na tarehe. Dada wa masjala alinitazama kama nimetoka mwezini, lakini aligonga.

Siku ya 27 nikapigiwa simu nikachukue barua. Jibu lilikuwa fupi, la kiungwana. Boma halikuwa kwenye orodha. Halijawahi kutengewa hata shilingi. Sababu: maombi ya kijiji hayakuwahi kuwasilishwa kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ofisi haina muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wa kuomba kukamilishiwa jengo.

Nilisoma ile sentensi ya mwisho nimesimama kwenye korido. Muhtasari wa mkutano wa kijiji unaandikwa na nani? Na mtendaji. Unapelekwa kata na nani? Na mtendaji. Mtendaji wa kijiji kile, kwa miaka yote minane, ni nani?

(Kimya)

Ndiyo. Nilikuwa natafuta anwani ya swali langu Njombe nzima, kumbe ilikuwa nyumbani kwetu.

Nisiwadanganye, nilikaa na ile barua wiki mbili. Mama nilimwambia usiku jikoni. Mama ana kizimba sokoni, anauza viazi na njegere. Kila siku anaogopa siasa zangu zisije zikamfikia kwenye kizimba. Lakini usiku ule hakuogopa kizimba. Alisema: "Huyu ndiye aliyekusomesha. Utamsimamisha mbele ya watu?" Nikamwambia: mama, na shangazi je? Akanyamaza. Akaendelea kumenya viazi. Baadaye sana akasema: "Basi nenda kwake kwanza. Usimfanyie kama mgeni."

Nikaenda. Nikamwamkia, shikamoo baba, nikampa barua. Aliisoma akavua miwani. Alichoniambia sitakisema chote. Alisema mkutano ulifanyika, muhtasari aliuandika kwa mkono, ukabaki kwenye daftari. Kata ni mbali, hana pikipiki ya ofisi, karatasi ananunua kwa mshahara wake, mwaka ule alikuwa anasimamia michango ya maabara ya sekondari kwa maagizo ya juu, na kila aliyepita alimwambia boma linafahamika. Alisema: "Nilidhani linafahamika." Makamanda, kwenye utawala kitu kisichoandikwa hakifahamiki. Hata likiwa jengo la urefu huo na mti ndani yake.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unakaa walau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa kuanzia miaka 18 ana haki ya kuwemo na kuuliza. Uliofuata nilikuwepo. Nilinyoosha mkono. Sikutaja barua kwanza, niliuliza tu: muhtasari wa kuomba zahanati ukamilishwe uko wapi? Baba mdogo alisimama. Angeweza kusema umepotea kata. Angeweza kusema siasa za upinzani hizi. Alisema, mbele ya watu wote: upo kwenye daftari, sikuupeleka, nimekosea. Kulikuwa na kelele, wapo waliotukana. Shangazi alikuwa amekaa mbele na Boxer mgongoni. Hakutukana. Aliuliza: "Sasa utapelekwa lini?"

Umepelekwa. Nimeona nakala, ina muhuri wa kata. Boma liko kwenye maombi ya bajeti. Halijaezekwa, nisiwaongopee hapa mkaenda kusema binti amejenga zahanati. Halijaezekwa, na mti bado umo. Ila sasa mtu akiulizwa anapaswa kujibu, na karatasi ipo. Baba mdogo miezi miwili hakuongea nami. Juzi kati amepiga simu kuuliza kama nimekula. (Makofi)

Kwa nini nimewaambia mambo ya ukoo wangu? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza: mtendaji siyo adui. Anaweza kuwa amekosea, anaweza kuwa mvivu, wengine ni wezi na wanapaswa kushtakiwa. Lakini wengi wamekaa mwisho wa mnyororo, wanapokea maagizo kutoka juu na matusi kutoka chini. Ukienda ofisini kwake, amkia. Uliza swali moja. Dai muhuri. Nenda na mwenzako mmoja, siyo kundi la watu ishirini na vuvuzela.

Ya pili: mkiuliza kweli, jibu linaweza kuwa la kwenu. Kama hamko tayari kwa hilo, hamuulizi, mnashambulia tu. Na hapa naingia ndani ya chama, viongozi mnisamehe. Mwezi Mei kanda yetu ya Nyasa ilichagua mwenyekiti hapahapa Makambako. Sugu kura 54, Msigwa kura 52. Kura mbili. Mnajua yaliyofuata, mwezi Juni Mchungaji akahamia CCM. Sitaki kufufua hayo. Nataka kusema kwamba sisi tunaomdai mkurugenzi abandike mapato na matumizi ukutani, tawi letu limebandika? Michango ya kikao hiki, nani amesoma hesabu? (Kimya, kisha makofi) Naona mweka hazina ananiangalia. Naye nimemwamkia. (Kicheko)

Sasa kazi za kuondoka nazo. Nina tatu.

Kazi ya kwanza, asilimia 10. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya ukaguzi kuonyesha mikopo mingi hairudi na vikundi vingine ni hewa. Mwaka huu imetangazwa kurudi kwa utaratibu mpya. Swali lenu liwe hivi: mwaka wa fedha uliopita halmashauri ilikusanya kiasi gani cha mapato ya ndani, asilimia 10 yake ni kiasi gani, na ile iliyokopeshwa zamani imerejeshwa kiasi gani? Msiulize "hela za vijana ziko wapi." Atajibu "zipo." Uliza kiasi.

Hapohapo, ripoti ya CAG. Kila mwaka inatoka, na kuna kitabu kizima cha serikali za mitaa. Ipo mtandaoni, kwa simu hiyohiyo unayoangalizia mechi. Fungua, tafuta jina la halmashauri yako, soma hoja moja tu. Moja. Kisha muulize diwani: hoja hii imefungwa? Zitto Kabwe na wenzake walianza hivyohivyo, kwa kusoma makaratasi ambayo wengine waliyaacha mezani.

Kazi ya pili, maji. Juni 2022 ilisainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Katika hiyo miji 28 imo Njombe, imo Makambako, imo Wanging'ombe. Deni hilo tutalilipa sisi na watoto wetu, akiwemo Boxer. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza bila kubembeleza: mkataba wa mji wetu unaisha tarehe gani, umefikia asilimia ngapi, ni mitaa ipi itapata maji na ipi haimo? Hasa hiyo ya mwisho. Anwani yake ni mamlaka ya maji na Wizara ya Maji, na nakala kwa mbunge.

Kazi ya tatu, Novemba. Tarehe 27 Novemba ni uchaguzi wa serikali za mitaa. Kujiandikisha ni tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na hili ni daftari la mkazi, kadi yako ya mpigakura haikuondolei wajibu wa kujiandikisha. Najua mnachotaka kuniambia. 2019 tuliona. Wagombea wetu wengi walienguliwa kwa sababu za fomu, upinzani ukajitoa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Najua pia uchaguzi huu unasimamiwa na TAMISEMI, siyo Tume. Na wasomi wenzangu wanakumbuka kesi ya Bob Wangwe: Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wasisimamie uchaguzi, Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Uwanja hauko sawa, sitawaambia uko sawa.

Na hofu ipo. Mwezi uliopita tu, vijana wenzetu kwa mamia walikamatwa wakienda Mbeya kwenye Siku ya Vijana Duniani, viongozi wetu wa kitaifa nao wakakamatwa. Mwezi huu tumemzika mzee Ali Kibao, aliyeshushwa kwenye basi akakutwa amekufa. Mama yangu anasikia redio. Kila nikitoka anauliza nakwenda wapi na nani. Sina dawa ya hofu hiyo, nami ninayo. Ninachojua ni kwamba ibara ya 18 inanipa haki ya kusema na kupata taarifa, ibara ya 21 inanipa haki ya kushiriki mambo ya nchi yangu, na barua ya nusu ukurasa yenye muhuri ni vigumu sana kuiita uchochezi.

Jiandikisheni, na gombeeni. Mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa ndiye anayeitisha mkutano, na mkutano ndipo muhtasari unapozaliwa. Fomu zijazwe na watu watatu wakisomeana, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, msiwape sababu ya kuwaengua kwa herufi moja. Na tukishindwa, au tukishindishwa, tarehe 28 Novemba mtu atakuwa amekaa kwenye kiti kile, kwa haki au kwa dhuluma. Tutaendelea kumuuliza. Haki ya kuuliza haihitaji tushinde kwanza. Yule diwani wa zamani analima parachichi, lakini mwezi jana ameandika barua TARURA kuhusu daraja lake, na safari hii imeandikwa anwani. (Makofi)

Kabla hatujatoka, kila mmoja achukue kipande cha karatasi aandike swali moja la kwao, na juu yake aandike nani anapaswa kujibu. Usipojua nani, njoo tutafute wote, mimi nipo hadi saa kumi, basi langu la mwisho.

Langu ni hili: zahanati ile itaezekwa mwaka gani wa fedha? Nimeshalipeleka. Leo ni siku ya 12.

Nguvu ya umma! (Nguvu ya umma!)